Mama Unga na mstari uliompa mdogo wake ghorofa

Kabla mashine haijatafuna punje ya kwanza, Mama Unga anafungua dirisha la banda, anafuta vumbi la jana kwa kiganja na kuangalia ng'ambo ya barabara. Haangalii mawingu. Anaangalia kama ghorofa la mdogo wake limeongezewa kitu tangu jana.

Limeongezewa. Juu ya mlango wa duka la dawa kuna taa mbili mpya, nyeupe, zile za kuwaka zenyewe giza likiingia.

"Taa zote hizo za nini?" anauliza, wala hamuulizi mtu. "Kwani wanaonunua dawa ni vipofu?"

Kisha anawasha mota. Mkanda unateleza mara moja, unashika, na banda zima linaanza kutetemeka. Mteja wa kwanza, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya mahindi mkononi, anapaza sauti kuishinda mashine na kumuuliza ameamkaje.

"Nimeamka nikalikuta palepale," anajibu Mama Unga, na wote wawili wanacheka. Mtaa mzima unajua anazungumzia nini.

Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya thelathini ameimalizia ndani ya banda hili la kusaga nafaka. Nyusi zake huwa nyeupe kwa unga tangu asubuhi, hata wageni humwamkia kwa heshima ya bibi kizee. Jina alilozaliwa nalo limebaki kwenye kitambulisho. Mdogo wake, ambaye waliachiana ziwa, naye amebatizwa na mtaa: Mama Ghorofa.

Ukimuuliza kama anamwonea wivu mdogo wake, hazunguki.

"Nina kijicho. Andika hivyo hivyo. Usije ukaandika eti nina huzuni, watu wakaanza kuniletea pole. Nina kijicho, na kinanikaba hapa." Anagusa koo na kuacha alama ya unga.

Baba yao alikuwa msagaji. Alipofariki aliwaacha na viwanja viwili vinavyotazamana, barabara katikati, na neno moja tu: mkubwa achague kwanza. Mama Unga hakuhitaji kufikiri. Upande huu ardhi ilikuwa juu, kavu, nafaka ikianikwa asubuhi jioni inaanuliwa, na mashine ilikuwa tayari imesimama juu ya msingi wa zege ambao baba aliumwaga kwa mikono yake. Upande wa pili ulikuwa mawe, mtaro na vyura.

"Nilimwonea huruma mpaka nikamwachia kabati la mama," anasema. "Nilijiona nimemmaliza, kwa hiyo nikawa mwema."

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda hivyo. Mdogo mtu alishona nguo chini ya turubai, mvua ikinyesha anainua miguu. Akija na mahindi yake, dada yake alimsagia bure na kumwongezea pumba za kuku. Mama Unga anazikumbuka siku zile kwa tabasamu ambalo halijifichi.

"Kumsagia mtu bure ni raha, hujui tu. Anakushukuru, unasema si kitu, na moyoni unajua ni kitu kikubwa."

Halafu ukaja mpango.

Miaka saba iliyopita halmashauri ilitangaza mpango mpya wa matumizi ya ardhi. Maofisa wa mipango miji waliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule na kubandika ramani ukutani: njano ni makazi, nyekundu ni biashara. Katika rasimu ile barabara yao ilikuwa nyekundu pande zote mbili. Wenye viwanja walianza kupongezana kabla ofisa hajamaliza kueleza.

Mama Unga peke yake hakupongeza mtu. Alikuwa amesikia kwamba kuna mfanyabiashara anatafuta kiwanja upande wake ili aweke mashine ya kusaga, na usingizi ulikuwa umemhama. Nyekundu maana yake ni kwamba mashine zingeota kama uyoga. Njano maana yake ni kwamba hakuna mpya itakayoruhusiwa upande wake; na ng'ambo, kwenye mawe na mtaro, nani angeweka mashine? Akainua mkono na kuuliza swali moja tu: na ile iliyokuwepo tangu zamani?

"Iliyokuwepo itaendelea," akajibu ofisa.

Basi. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuutetea upande wake ubaki wa makazi. Watoto wanahitaji kulala. Wagonjwa wanahitaji utulivu. Vumbi linaharibu mapafu. Aliposema vumbi, ukumbi ulikufa kwa kicheko, maana msemaji mwenyewe alikuwa mweupe mpaka kwenye kope. Lakini walicheka kisha wakapiga makofi, na majirani zake wa upande ule wakanyoosha mikono kumuunga mkono. Walichosikia wao ni utulivu. Hesabu yake aliifanya kimya kimya.

Mdogo wake alikuwa amekaa nyuma anashona vifungo vya shati la mtu. Hakunyoosha mkono.

Ramani ilipotoka, mstari ulipita katikati ya barabara. Upande wa mashine ukawa njano, na upande wa mawe na vyura ukabaki nyekundu, ruhusa ya kujenga hadi ghorofa nne.

"Nilitoka mkutanoni natembea kama bibi harusi," anasema Mama Unga. "Mume wangu anashuhudia. Nilimwambia, nimefunga mlango, sasa ni mimi tu."

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, anakaa kwenye gunia mlangoni na kuthibitisha kwa kichwa. "Alifunga kweli," anasema. "Ila yeye ndiye aliyebaki ndani."

Ile kauli ya kwamba iliyokuwepo itaendelea ilikuwa na mkia, na mkia huo aliusikia baadaye, ofisini. Mashine itaendelea, lakini banda lisipanuliwe. Mota ikifa itengenezwe, isiwekwe kubwa kuliko hiyo. Banda likianguka zaidi ya nusu, halijengwi tena kama banda la mashine. Na kusaga kukisimama miezi sita mfululizo, ruhusa imekufa na haifufuki.

Hilo la mwisho lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Tangu siku hiyo hakuna siku ambayo mashine haijawashwa. Asipopata mteja, anaitilia pumba konzi mbili na kuisikiliza ikinguruma. Hata siku ya msiba wa mama mkwe wake aliingia bandani na nguo za msiba, akaiwasha, akahesabu mpaka mia, akaizima na kurudi kulia. Wanaomwambia kwamba miezi sita ni mingi hawamwelewi.

"Ni mingi kwenu," anasema. "Mimi sitaki hata ianze kuhesabiwa."

Miaka mitatu iliyopita alitaka kukopa benki ili aezue bati zilizooza na kununua mashine ya kukoboa. Benki ilimletea mthamini, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa banda la unga. Alipima, akazunguka, akapiga picha, kisha akasimama mlangoni.

"Mama, biashara yenyewe siwezi kuihesabu sana. Mnunuzi wa kesho haruhusiwi kuikuza wala kuijenga upya ikianguka. Ninachokiona hapa ni kiwanja cha nyumba chenye mashine juu yake, na mashine ndiyo inayokishusha bei."

"Inakishusha?"

"Nani atanunua alale pembeni ya huu mngurumo?"

Mama Unga angeweza kumwacha aende zake. Lakini kijicho hakikumruhusu. Akamuuliza kile cha ng'ambo kinaweza kuwa na thamani gani. Kijana akajibu kwamba bila kupima hawezi kusema kwa uhakika, ila hakitakosa kuwa mara sita ya hiki.

"Niliuliza mwenyewe," anasema. "Ningenyamaza, ningelala."

Wakati huo ghorofa lilikuwa limeshafika kwenye lenta za pili, zege la juu ya madirisha. Mjenzi mmoja alikuwa amemwendea mdogo wake na ofa: wewe toa ardhi, mimi natoa matofali, tugawane vyumba. Mawe yaliyokuwa yakidharauliwa yakawa msingi mzuri. Mtaro ukafunikwa. Vyura wakahama, au wakafa, hakuna aliyewaulizia. Chini likaja duka la dawa, saluni na duka la vyakula. Juu zikaja ofisi, na kileleni kabisa akahamia mwenye nyumba.

Mama Unga analijua jengo lile kuliko waliolijenga. Anajua ni dirisha gani liliwekwa kioo mara mbili, tangi la maji lilipandishwa siku gani, na rangi ya ngazi ilivyobadilishwa kutoka krimu kwenda kijivu. Mumewe humwambia kwamba angekuwa analipwa ulinzi wa lile jengo, wangeshakuwa na la kwao.

Kijicho hakina faida dukani, na wateja walikuwa wanapungua. Zamani alisaga madebe arobaini kwa siku bila kukaa. Sasa akifikisha kumi na minane anamshukuru Mungu. Watu wananunua unga wa pakiti kwenye duka la vyakula la ng'ambo, pakiti yenye picha ya mwanamke anayecheka. Mama Unga ameshamtazama sana mwanamke yule. "Anacheka nini?" anauliza.

Ndipo likaja jambo la chumba cha pembeni.

Chumba hicho cha chini, kilicho kona, ndicho kizuri kuliko vyote, na kilikaa mwaka mzima bila mpangaji. Kisha miezi minne iliyopita mafundi wakaingia. Wakapanua mlango. Wakaleta nyaya nene za umeme wa mashine. Wakamwaga zege katikati ya chumba, kimo cha goti, na kusimamisha bolti nne juu yake.

Mtu mwingine angeona zege tu. Mama Unga aliona msingi wa mashine ya kusaga. Yeye amekula na kulala pembeni ya msingi kama ule tangu utotoni.

"Ule haukuwa wa kuwekea cherehani," anasema. "Nikasema, haya, sasa ameamua kunizika kabisa."

Mtaani kulikuwa na mtu anayeitwa Bwana Pakiti, mwenye mashine ya kisasa ya kusaga na kufungasha, ambaye alikuwa anasaka chumba. Mama Unga hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijumlisha mwenyewe: mashine aliyoizuia kwa maneno matamu ukumbini sasa inaingia upande wa pili, kwa mkono wa mdogo wake wa damu.

Akaacha kumsalimia. Wakikutana barabarani, anakumbuka ghafla kitu alichokisahau nyumbani. Mdogo wake alipomtuma mjukuu na mahindi, Mama Unga alisaga, akapima, akadai malipo. Haikuwahi kutokea tangu baba yao azikwe.

"Alilipa," anasema. "Wala hakuuliza. Hilo likaniuma zaidi. Nilitaka aje agombane."

Badala yake alikuja Bwana Pakiti mwenyewe, adhuhuri moja, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupima kaburi langu?"

"Mama, mimi nimekuja kukuomba uniombee. Mdogo wako ananizungusha mwaka mzima. Nimempandishia kodi mara tatu. Kila nikienda ananiambia kile chumba kina mwenyewe."

"Si wewe?"

"Ningekuwa mimi, ningekuwa nimesimama hapa nakula vumbi? Na hata akinipa, ule msingi itabidi niuvunje. Bolti zake zimekaa mbalimbali mno. Mashine za siku hizi miguu yake ni ya karibu. Zile zimepimwa kwa mashine pana ya zamani." Macho yakaenda nyuma ya bega la Mama Unga. "Kama hiyo yako."

Alipoondoka, Mama Unga alizima mota, wateja wakiwa kwenye foleni. Akachukua kamba ya kufungia magunia, akapiga magoti, akapima kutoka bolti hadi bolti kwenye msingi wa baba yake, akipiga fundo kila alipofika. Kisha akavuka barabara na kamba mkononi. Wateja walitoka nje kumtazama. Hawakujua kama anakwenda kumfunga mtu.

Mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa umerudishiwa tu. Aliingia, akainama, akatandaza kamba. Fundo la kwanza likakaa kwenye bolti. La pili likakaa. La tatu na la nne nayo yakakaa.

Ndipo akamkumbuka fundi mmoja aliyewahi kuja na mahindi nusu debe, akakawia sana nyuma ya mashine akidai ameangusha sarafu. "Nilimsaidia kuitafuta!" anasema, na mpaka leo hajui acheke au atukane. "Nilimshikia na tochi!"

Mdogo wake alishuka ngazi polepole, akamkuta bado ameinama.

"Dada. Fundi amekosea?"

"Hakukosea."

"Mbona umekunja uso?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesemaje?"

"Ningekataa."

"Haya. Nikaona nijenge kwanza, ukikataa ukatae mguu ukiwa ndani."

"Na nilipokulipisha yale mahindi, ulinyamaza tu?"

"Ulikuwa umekasirika. Ningesema nini? Unga ulikuwa mzuri."

"Na kodi ya hapa?"

"Kama ya wenzako. Nani kakuambia ni bure?"

"Ungesema bure ningerudi kwangu sasa hivi."

"Nakujua, dada."

Mama Unga alikaa juu ya zege na kulia. Anaomba kisiandikwe kama kilio cha furaha.

"Nililia kwa hasira. Miaka yote hii nilikuwa natafuta ubaya wake. Nilitaka nimkute mbaya, nipumzike. Ghorofa ni matofali, mtu unaweza kuyazoea. Kumbe hata wema amenizidi, na hilo halina ofisi ya kwenda kulalamikia."

Kukubali, hata hivyo, hakukuwa rahisi. Mashine ikivuka barabara, banda litakaa kimya, na miezi sita ikitimia ruhusa imekwenda. Hataweza kurudi, yeye wala wanawe. Msingi wa baba yake hauhamishiki. Alikwenda halmashauri kuuliza kama kuna njia ya kuachiwa ruhusa hata ya jina tu, na ofisa, tofauti na yule wa zamani, alimjibu kwa upole kwamba hakuna.

"Kwa hiyo nikitoka, nimetoka?"

"Ukitoka umetoka, mama. Ila kiwanja kitabaki chako."

Alimtafuta tena yule mthamini wa viatu vibaya. Safari hii kijana alikuwa na habari nyingine. Kiwanja cha makazi kinachotazama maduka na ofisi, bila mashine ya kukipigia kelele, kinatafutwa. Wahudumu wa saluni, wauza dawa, makarani wa kule juu, wote wanahitaji pa kulala karibu na kazi. Na njano aliyoipigania ndiyo inayowahakikishia kwamba hakuna atakayekuja kuweka baa pembeni yao.

Mama Unga alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba angemwambia hivyo tangu mwanzo. Kijana akasema alimwambia. Akafukuzwa, ila na unga wa kilo mbili kwenye mfuko.

Mashine itavuka mwisho wa mwezi huu, juu ya mkokoteni, vipande vipande. Wiki nzima, kila jioni mota ikizimwa, mumewe amekuwa akizipaka nati mafuta ili siku hiyo zifunguke. Kwa ile mota kubwa ambayo upande wa pili unairuhusu, Mama Unga anategemea kurudisha madebe yake arobaini, na amekwisha kuzungumza na Bwana Pakiti ili amfungashie unga wake. Mwanamke wa kwenye pakiti, anasema, atatafutwa mwingine, asiyecheka ovyo.

Mahali pa banda patajengwa vyumba sita vya kupangisha, viwili viwili, kadiri kodi itakavyoingia. Vitano atavitangaza. Cha sita, kile cha mbele, ameshakichora mwenyewe kwa mkaa kwenye sakafu: mlango mpana, kizingiti hakuna, choo ndani, ukuta wenye chuma cha kushikilia.

Mumewe alimuuliza ni cha nani, akaambiwa asubiri.

"Magoti yanamuua yule," anasema Mama Unga, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anashusha sauti, ingawa mota inanguruma na hakuna anayeweza kumsikia kule. "Anaishi juu kabisa, ngazi zote zile. Kila akipanda anapumzika mara mbili, na ya pili anajifanya anaangalia simu. Hajamwambia mtu, hata wanawe. Mimi ndiye ninayejua, maana mimi ndiye ninayemwangalia."

Hatamwambia mpaka chumba kiishe, rangi ikauke, na ufunguo uwe mkononi.

"Nitamwita tu, aje aone," anasema, akimimina debe lingine kwenye mdomo wa mashine. "Hapo nitakuwa nimemzidi. Na yeye akae na kijicho, kimuume kidogo."